Nani Mwenye Dhamana ya Tongoni? Kumbukumbu za Hadharani na Mgawanyo wa Madaraka Kusini mwa Maniema

Tongo ni mahali palipokuwa na makazi ya watu na ambapo sasa hapana. Wingi wake ni matongo, na penye matongo huitwa Tongoni. Jina hilo limebaki katika sehemu mbili zilizo mbali sana. Moja iko kusini ya mji wa Tanga, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa ya nguzo. Nyingine iko zaidi ya kilometa elfu moja kuelekea magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapo ndipo ilipokuwa Kasongo ya kwanza, makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mji wa Kasongo wa leo umejengwa mahali pengine, na pale pa zamani pakaachiwa jina linalosema lenyewe kilichotokea.

Anayetaka kujua Tongoni ya Tanga iko chini ya nani hupata jibu fupi: iko chini ya sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 na idara inayoitekeleza. Anayeuliza swali hilo hilo kuhusu Tongoni ya Maniema hupata jibu refu mno, na urefu huo ndio unaochunguzwa katika makala haya. Katika lugha ya utawala wa miji, swali ni jinsi idara mbalimbali zinavyogawana dhamana ya kutunza sanaa ya hadharani. Dhana hiyo inachukuliwa hapa kwa mapana yake: sanamu na minara, maandishi ya ukumbusho, makaburi yaliyojengewa, majina ya barabara, na hata miembe iliyopandwa na wenye misafara, ambayo bado inaonyesha njia yao ya zamani kutoka pwani hadi bara. Haitoshi kuuliza ni nani aliyejenga kumbukumbu. Ni lazima kuuliza pia ni ofisi gani huifagia, huitia rangi, huruhusu maandishi yake yabadilishwe, na hutia sahihi ya kuiondoa.

Kasongo na Kabambare katika historia

Historia yenyewe inafahamika kwa wasomaji wengi, kwa hiyo itaguswa kwa ufupi. Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji kwenda Maniema. David Livingstone, aliyeandika jina lake "Bambarre", alifika huko Septemba 1869, na baadaye alilazwa hapo kwa miezi mingi na vidonda vya miguu. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, ambako tarehe 15 Julai aliona watu wa sokoni wakipigwa risasi. Idadi ya waliokufa ilikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Hermann von Wissmann naye alipita Nyangwe mwaka 1882. Kasongo ilikua katika miaka ya 1870 na 1880 hadi kuwa mji mkuu wa Waswahili wa bara, wenye nyumba za kudumu, mashamba ya mpunga na bustani za matunda. Sidney Hinde, daktari aliyekuwa katika jeshi lililouteka, aliusifu katika kitabu chake cha mwaka 1897 kwa namna ambayo mtu hakuitarajia kwa adui.

Vita vilianza mwaka 1892. Maofisa wawili wa Dola Huru ya Kongo waliokuwa Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa mwanzoni mwa Desemba mwaka huo. Jeshi la Francis Dhanis liliingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, alifariki Oktoba 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894 baada ya kushindwa kwa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan. Waandishi wa Kibelgiji waliviita vita hivyo kampeni dhidi ya Waarabu. Jina hilo lilificha jambo moja kubwa: waliopigana pande zote mbili walikuwa kwa wingi wao watu wa Maniema na wa Lomami. Ngongo Lutete, ambaye wapiganaji wake walikuwa nguzo ya jeshi la Dhanis, alikuwa awali mtu wa Tippu Tip. Na maofisa wa Dola hiyo hiyo aliyoitumikia ndio waliomuua Septemba 1893.

Kumbukumbu zilizojengwa ugenini

Mtu akitaka kuona sanaa ya hadharani inayohusu vita vya Kasongo na Kabambare, anapaswa kusafiri kwenda Ubelgiji. Huko Blankenberge, mji wa pwani alikozaliwa De Bruyne, ulisimamishwa mwaka 1900 mnara wa Lippens na De Bruyne, kazi ya mchongaji Guillaume Charlier. Katika manispaa ya Etterbeek, jijini Brussels, kuna barabara zenye majina ya Dhanis, Lothaire na Ponthier, wote maofisa wa vita hivyo. Katika bustani ya Cinquantenaire umesimama mnara mkubwa wa Thomas Vinçotte uliozinduliwa mwaka 1921 kwa heshima ya Wabelgiji waliotangulia Kongo, na ndani yake yamechongwa maneno yanayousifu ushujaa wa kijeshi wa Wabelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwuza watumwa.

Mnara huu wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya malalamiko ya wanabalozi wa nchi za Kiarabu, neno lenye maana ya Mwarabu lilifutwa kwenye jiwe. Mapema katika miaka ya 1990 wapenzi wa historia ya ukoloni walidai lirudishwe, likarudishwa. Kisha likafutwa tena. Neno moja lilichongwa, likakwanguliwa, likachongwa, likakwanguliwa. Kila hatua ilikuwa na ofisi iliyoombwa na ofisi iliyotenda, na kila ofisi ilimjibu mlalamikaji aliyekuwa mbele yake wakati ule. Katika mabishano hayo walisikika mabalozi na maofisa wastaafu wa Kibelgiji. Mkusu, Mzimba au Mbangubangu, ambaye babu yake huenda aliuzwa na upande mmoja na kuchukuliwa mpagazi na upande wa pili, hakuwa na mlango wa kubisha.

Mfano wa Tervuren unaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Jumba la Makumbusho ya Afrika ya Kati ni taasisi ya serikali ya shirikisho, lakini ulinzi wa majengo ya kihistoria katika eneo lake uko mikononi mwa serikali ya Flanders. Ukumbi wake wa duara una sanamu zilizopakwa dhahabu za Arsène Matton, ambazo miongoni mwake imo inayoonyesha utumwa kama dhambi ya Mwarabu peke yake. Makumbusho ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2018, sanamu hizo hazikuweza kuondolewa kwa kuwa ni sehemu ya jengo linalolindwa na sheria. Ilibidi kutafuta njia nyingine: msanii wa Kikongo Aimé Mpané aliweka kazi yake katikati ya ukumbi, na baadaye yeye pamoja na Jean Pierre Müller walifunika sanamu za Matton kwa vitambaa vyepesi vyenye picha, ili ya zamani ionekane kupitia ya sasa. Sanamu nyingine ambayo haikufungamana na jengo, ile ya Charles Samuel ya mwaka 1897 inayomwonyesha Mwakusu akimtetea mwanamke dhidi ya Mwarabu, ilihamishiwa chumba cha pembeni bila tabu kubwa. Tofauti kati ya sanamu hizi mbili haimo katika maana yake. Imo katika idara iliyokuwa na kauli juu ya kila moja.

Mwaka 2020 Mkoa wa Jiji la Brussels uliunda jopo la wataalamu kuhusu alama za ukoloni katika maeneo ya umma, na ripoti yake ikatolewa Februari 2022. Hata huko, penye rejista, wahifadhi na mafungu ya fedha, kazi ya awali ilikuwa kupambanua ni nini cha manispaa, ni nini cha mkoa na ni nini cha shirikisho. Inafaa kuongeza hapa, ingawa ni nje ya vita vya 1892, kwamba Kindu, mji mkuu wa Maniema, nayo ina kumbukumbu yake ugenini: wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa huko Novemba 1961, na minara yao iko Pisa na Fiumicino. Maniema ni nchi ambayo waliokufa humo wakiwa wageni wamejengewa makwao.

Sheria za Kongo na ofisi zake

Wakoloni hawakuacha uwanja huu bila sheria. Amri ya tarehe 16 Agosti 1939 ilihusu ulinzi wa maeneo, minara na kazi za sanaa za wenyeji. Baada ya uhuru, mwaka 1970, iliundwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza, Lucien Cahen, alikuwa wakati huo huo mkurugenzi wa Tervuren. Tarehe 15 Machi 1971 ikafuata Amri-Sheria namba 71-016 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni. Chini ya sheria hiyo, kitu kisichohamishika hupata ulinzi kamili kwa kuainishwa rasmi na serikali kuu, na uchimbaji wa mambo ya kale huhitaji kibali.

Wakati huo huo siasa ilikuwa ikienda mbele ya sheria. Kati ya mwaka 1967 na mwanzo wa miaka ya 1970 sanamu za Leopold II na Stanley ziliondolewa katika maeneo ya wazi ya Kinshasa, na hatimaye zikawa chini ya Taasisi ya Makumbusho. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya taasisi hiyo kuhusu sanaa ya hadharani ilikuwa kuipokea ikiwa imekwisha kushushwa. Februari 2005 Wizara ya Utamaduni iliirudisha sanamu ya Leopold II katikati ya jiji. Kesho yake ikaondolewa. Wako wanaolikumbuka tukio hilo kama kichekesho. Kwa mtafiti wa utawala lina maana nzito zaidi, kwani lilidhihirisha kwamba waziri mmoja aliweza kusimamisha sanamu ya mfalme bila ofisi nyingine kukubali, na kwamba ofisi hizo nazo ziliweza kuishusha bila kumjibu.

Lakini Kinshasa ina angalau sanamu za kugombewa. Kusini mwa Maniema tatizo ni la namna nyingine, na mzizi wake umo katika muundo wa utawala wenyewe. Maniema ilitengwa na Kivu na kuwa mkoa mwaka 1988. Ina wilaya saba, ambazo wenyeji huziita teritware, na Kasongo na Kabambare ni mbili miongoni mwake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaipa dola wajibu wa kuulinda urithi wa utamaduni wa taifa, na kuyaweka maisha ya utamaduni pamoja na hifadhi ya maeneo miongoni mwa mambo yanayoshirikiwa na serikali kuu na mikoa. Katiba hiyo hiyo, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliyoifuata, inatambua ngazi nne za chini zenye nafsi ya kisheria, bajeti na baraza: mji, komuni, sekta na sheferi. Teritware haimo. Msimamizi wake ni mwakilishi wa serikali kuu. Hana baraza linalochaguliwa wala mfuko wa eneo lake.

Jambo hili huonekana dogo kwa aliye mbali. Athari yake ni kwamba majina mawili ambayo historia inayajua, Kasongo na Kabambare, yakitajwa kama teritware ni majina ya ngazi isiyoweza kumiliki hata jiwe la ukumbusho. Anayeweza kumiliki ni sekta au sheferi, ambayo jina lake halimo katika kitabu chochote cha historia ya misafara, na ambayo mapato yake hutegemea ushuru wa masoko na fungu kutoka juu. Kanuni ya kuiachia mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa imo katika Katiba, lakini utekelezaji wake umesuasua tangu mwanzo.

Kuna pia suala la ardhi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya dola peke yake, na hati hutolewa na msajili wa hati za ardhi. Mahali pasipoainishwa kwa mujibu wa sheria ya 1971 ni kiwanja tu machoni pa ofisi hiyo. Miembe iliyopandwa na waungwana inaweza kugawanywa viwanja, ikakatwa na kuchomwa mkaa, na hakuna aliyevunja sheria. Katika Kabambare, penye dhahabu ya Namoya, juu ya ramani ya viwanja kuna ramani nyingine ya vibali vya madini, ambayo hutunzwa na ofisi iliyoko Kinshasa. Mtemi wa mila, ambaye hadhi yake ilipewa sheria yake mwaka 2015, hujua makaburi yalipo, lakini ujuzi wake hauna safu katika rejista ya yeyote.

Kumbukumbu ya nani?

Hata ofisi hizo zote zingekaa meza moja, swali gumu zaidi lingebaki. Tongoni ni kumbukumbu ya kitu gani? Kwa Waislamu wa Kasongo, ambao mji wao ni kitovu cha Uislamu wa Kongo, ni chimbuko la dini, mavazi, mapishi na Kiswahili chao. Kwa kanisa, mji huo ni makao ya dayosisi. Kwa vizazi vya waliotekwa, ni mahali pa minyororo. Mara nyingi watu hawa ni wa ukoo mmoja, kwani mwungwana wa Maniema kwa kawaida alikuwa mtu wa bara aliyeingia katika nyumba ya Mswahili akiwa mateka au mfuasi, akatoka humo na bunduki, jina jipya na lugha. Serikali ya kikoloni iliwaita "Waarabizwa" na kuwaweka pembeni, ikawa si rahisi kwao kusimama hadharani na kudai kwamba makaburi yao ni urithi wa taifa. Jiwe la Brussels lilikuwa tayari limekwisha kuamua ni nani aliyekuwa mwovu.

Zanzibar inatoa mfano wa kulinganisha, maana hata huko, penye ofisi nyingi zaidi, mambo si mepesi. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo nyumba moja ya mji huo inaweza kuwa na mwenye kukodisha, mwenye wakfu, manispaa inayotoza, na mamlaka inayohifadhi. Nyumba ya Tippu Tip huko Shangani, ambamo jamaa kadhaa wamekuwa wakiishi kama wapangaji, imechakaa mbele ya macho ya wote hao. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili, ingawa hakuna jengo la Zanzibar lililokuwa na walinzi wengi wa kisheria kuliko hilo. Wingi wa idara, basi, si dawa. Kwa upande wa kumbukumbu ya watumwa, sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998 zimetunzika vizuri, na sababu moja iko wazi: zimo katika uwanja wa Kanisa Kuu la Kianglikana, na mwenye uwanja ni mmoja. Kenya ilijaribu njia nyingine. Katiba yake ya 2010 iliziacha kumbukumbu zenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali ya kitaifa, na kuzipa kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho. Mpaka huo unabishaniwa mara kwa mara, lakini angalau upo katika maandishi.

Kazi iliyofanyika Maniema katika miaka ya karibuni imefanywa zaidi na watafiti. Wanaakiolojia wa Kikongo na wa Ubelgiji, akiwamo Noemie Arazi, wamefanya uchunguzi Kasongo na Tongoni na kukusanya masimulizi ya wazee, na matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 2020. Mwaka huo huo Xavier Luffin alitoa mkusanyo wa nyaraka za Kiarabu na Kiswahili za Kongo zilizomo katika hifadhi za Ubelgiji, miongoni mwake barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kwa wanafunzi wa Kiswahili hizo ni hazina: watu wa wakati wa vita wanasema kwa lugha yao. Lakini utafiti ukimalizika, mtafiti hurudi kwao, na mahali hubaki na wenyeji na ofisi zao.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha kwa UNESCO, katika orodha ya matarajio, njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha inaishia ufukweni mwa ziwa, ingawa njia haikuishia hapo. Aliyevuka maji akaendelea magharibi alifika Kabambare, kisha Kasongo, ambako ndiko zilikotoka pembe nyingi na watu wengi waliopita katika vituo hivyo sita. Maeneo matano ya Kongo yaliyoingia katika urithi wa dunia, kuanzia Virunga mwaka 1979 hadi hifadhi ya Okapi mwaka 1996, yote ni ya asili. Kuiendeleza njia hadi Maniema kungehitaji Kongo nayo iandike vituo vyake katika orodha yake, pamoja na ramani ya mipaka na jina la mamlaka yenye dhamana ya usimamizi. Kwa Tongoni, jina hilo lingeweza kuandikwa na wizara, Taasisi ya Makumbusho, mkoa, msimamizi wa teritware, sekta au msajili wa ardhi. Karatasi ya uainishaji chini ya sheria ya 1971, ambayo ingeanza na ofisi moja tu kati ya hizo kukubali kuibeba, haihitaji ruhusa ya UNESCO wala ya Brussels.